Kuteleza majini kwa ubao mmoja: Mambo ya kuzingatia kwa wanaoanza

TIMBOROA, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, hujulikana kwa baridi kali, viazi na kituo cha reli kilichojengwa zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Si mahali ambapo mtu angetarajia kusikia habari za michezo ya majini.

Hata hivyo, mkazi wa nyanda hizo anayetamani kujifunza kuteleza majini huku akivutwa na motaboti hayuko mbali na maji. Ziwa Baringo liko kaskazini mashariki, chini ya mteremko wa Bonde la Ufa. Ziwa Victoria liko magharibi, na Ziwa Naivasha liko katika barabara ya kwenda Nairobi.

Kwa hivyo swali la kwanza si maji yako wapi, bali ni maji yapi yanayofaa. Wengi wanaoanza hushughulikia ubao, kamba na mavazi, ilhali jambo linaloamua iwapo mtu atarudi nyumbani salama ni mahali alipochagua kuteleza.

Asili ya mchezo

Mchezo huu ulianza mwaka 1922 katika Ziwa Pepin, jimbo la Minnesota nchini Marekani. Kijana Ralph Samuelson alijaribu mara kadhaa kusimama juu ya maji akivutwa na boti, akafaulu alipotumia mbao alizozitengeneza mwenyewe na kuzipinda ncha. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo liliundwa mwaka 1946, na mwaka 1972 ulionyeshwa katika Michezo ya Olimpiki ya Munich bila kuwa miongoni mwa michezo rasmi ya kuwania medali.

Slalomu ni tawi la mchezo huo ambapo mtu hutumia ubao mmoja, mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine. Katika mashindano, boti hupita katikati ya njia iliyonyooka yenye urefu wa mita 259. Mchezaji hupita kwenye lango la kuingilia, huzunguka maboya sita yaliyopangwa kwa kupokezana kushoto na kulia, kisha hutokea kwenye lango la mwisho.

Kila boya liko mita 11.5 kutoka mstari wa katikati. Kamba ya kawaida ina urefu wa mita 18.25. Mchezaji akifaulu kuzunguka maboya yote, mwendo wa boti huongezwa hadi kufikia kilomita 58 kwa saa kwa wanaume na 55 kwa wanawake. Baada ya hapo kamba ndiyo hupunguzwa. Inapofika mita 11.25 huwa fupi kuliko umbali wa boya lenyewe, na mchezaji hana budi kulaza mwili na kunyoosha mkono ili ubao ulifikie.

Anayeteleza kwa kujiburudisha hahitaji maboya. Kuvuka kutoka upande mmoja wa boti hadi mwingine kwa utulivu kwamtosha kwa msimu mzima wa mwanzo.

Maji kwanza

Mabwawa ya nyanda za juu, yakiwemo yale ya karibu na Timboroa, hayafai kwa mchezo huu. Mengi ni madogo mno kwa boti kunyoosha mwendo na kugeuka. Maji yake ni ya matumizi ya nyumbani na ya mifugo, chini mna matope mazito, na hapana waokoaji. Zaidi ya hayo, maji baridi huuchosha mwili upesi. Viganja hulegea na hata mwogeleaji hodari anaweza kushindwa kufika ukingoni.

Ziwa Baringo, lililo karibu mita 970 juu ya usawa wa bahari, lina joto na limewahi kuwavutia wapenzi wa mchezo huu. Lakini maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalipanda sana katika mwongo uliofuata mwaka 2010, na kufikia mwaka 2020 yalikuwa yamefunika nyumba, shule, hoteli, nyua na miti iliyokuwa kandokando. Kisiki kilichojificha nusu mita chini ya maji hakionekani katika maji ya rangi ya udongo, nacho chaweza kumvunja mguu mtu anayekwenda kilomita 40 kwa saa. Hali ni hiyo hiyo katika kingo za Naivasha.

Pia kuna wanyama. Viboko wanaishi katika maziwa yote matatu, na Baringo lina mamba. Imani ya zamani kwamba mamba wa Baringo hawamdhuru binadamu si kinga. Mtu aliyeanguka na kungoja boti irudi hubaki ameelea peke yake, na wakati huo ndio wa hatari zaidi. Alfajiri na jioni, viboko wanapotoka au kurudi majini, si saa za kuteleza hata kama maji yametulia kama kioo.

Katika Ziwa Victoria, magugu maji huweza kuziba ghuba nzima kwa siku moja upepo unapogeuka, na kingo zake zina maambukizi ya kichocho. Kwa wanaoweza kusafiri, mahori ya Pwani kama Kilifi na Mtwapa yana maji yenye joto na yaliyokingwa dhidi ya mawimbi makubwa, mradi mtu afuate ratiba ya kujaa na kupwa kwa maji.

Kabla ya kuingia mahali popote, ni lazima kumuuliza mvuvi au nahodha mwenyeji mambo manne: kina cha maji, vilivyozama, walipo wanyama, na saa ambayo upepo huanza kuvuma.

Nguvu ya boti

Jambo ambalo watu wa bara hulisahau ni kimo cha ardhi. Injini ya kawaida ya petroli hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda, kwa kuwa hewa huwa nyepesi. Injini yenye nguvu za farasi 90 kule Kilifi hubakiwa na takriban 73 ikiwa Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari.

Tofauti hiyo huonekana pale mtu mzima anapojaribu kuinuka kutoka majini kwa ubao mmoja. Boti ikikosa nguvu, humburuta muda mrefu hadi mikono ichoke, naye hudhani kosa ni lake. Dawa ni kubadilisha rafadha ya boti ili ilingane na kimo hicho, au kuendelea na mbao mbili.

Hatua za kujifunza

Anayeanza asikimbilie ubao mmoja. Aanze na mbao mbili, boti ikienda kati ya kilomita 25 na 32 kwa saa. Huketi majini magoti yakiwa yamekunjwa karibu na kifua, mikono imenyooka, na ncha za mbao zikichungulia nje ya maji. Boti ivute, yeye asijivute. Wanaokunja mikono ili wainuke upesi huanguka chali.

Akishazoea, aunyanyue mguu mmoja kidogo, kisha mwingine, ili ajue ni upi unaoustahimili mwili vizuri zaidi. Huo ndio utakaokaa mbele. Hatua inayofuata ni kuuacha ubao mmoja taratibu akiwa katika mwendo, mahali palipokubaliwa ili uokotwe, na kuutia mguu ulio huru nyuma ya mwingine. Kuinuka moja kwa moja kwa ubao mmoja kutoka majini huja mwisho.

Akiwa amesimama, magoti yalegezwe, kiuno kiwe karibu na kishikio cha kamba, na macho yatazame upeo wa maji. Anayetazama miguu yake huifuata chini. Vipindi viwe vifupi, dakika 10 hadi 15, kwani majeraha mengi huja mwili ukishachoka.

Ishara na usalama

Boti iwe na watu wawili: nahodha anayetazama mbele na mwangalizi anayemtazama mtelezaji. Kidole gumba juu maana yake ni kuongeza mwendo. Chini ni kupunguza. Kupiga kichwa kwa kiganja ni ombi la kurudi ufuoni, na mkono kupitishwa shingoni ni amri ya kuzima injini.

Anayeanguka aachilie kamba mara moja, kisha ainue mkono kuonyesha yuko salama. Asipoinua, boti irudi bila kuchelewa. Injini izimwe kabisa kabla ya mtu kupanda botini, kwani rafadha hukata hata pale inapozunguka polepole. Kamba isizungushwe mkononi wala kiunoni kwa sababu yoyote.

Jaketi la kuokoa maisha si la wasiojua kuogelea pekee. Mtu akizirai baada ya kugonga maji, ujuzi wake haumsaidii. Jaketi ndilo humwelesha. Nchini Kenya, ukaguzi wa vyombo vya majini, vya maziwani na vya baharini, uko chini ya Mamlaka ya Masuala ya Bahari (KMA), na mteja ana haki ya kuuliza cheti cha boti kabla ya kulipa.

Nahodha asiye na cheti, asiye na jaketi la ziada, au anayekubali kuendesha na kutazama nyuma kwa wakati mmoja, hafai kukodiwa hata akipunguza bei. Afadhali safari ya Timboroa hadi ziwani iishie kwa kutazama maji na kula samaki, ubao ungoje siku nyingine.