Raga

Raga ni kiunzi cha mahadhi katika muziki wa jadi wa India: sauti chache teule, zenye njia zake za kupanda na kushuka, ambazo mwimbaji huzizungukia kwa kubuni papo hapo. Kwa Kisanskriti neno hilo hubeba maana ya rangi. Huko kaskazini raga nyingi zina saa zake. Bhairav ni ya alfajiri, Yaman huimbwa giza likianza kuingia, na Malkauns ni ya usiku mkubwa.

Mafunzo kuhusu hisia, yaani rasa, yamo katika Natyashastra, kitabu cha sanaa za jukwaani chenye umri wa takriban miaka 2,000. Kinataja rasa 8, zikiwemo mahaba, ushujaa, hofu na karuna, ambayo ni majonzi yenye huruma. Baadaye mapokeo yaligawanyika: Karnatiki kusini, na Hindustani kaskazini, uliostawi katika majumba ya wafalme kama Akbar, aliyekuwa na mwimbaji Tansen.

Pwani ya Uswahili ilikuwa na biashara na Gujarat tangu kale, na mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay kurekodi santuri zake. Hata hivyo, raga iliingia masikioni mwa watu wengi kupitia sinema za Kihindi. Katika filamu ya *Baiju Bawra* (1952), mtunzi wa muziki Naushad aliegemeza nyimbo zake juu ya raga. Mmojawapo, dua ya Kihindu katika Malkauns, uliandikwa na Shakeel Badayuni na kuimbwa na Mohammed Rafi. Wote watatu walikuwa Waislamu.

Huko Mombasa, mwimbaji Mohamed Khamis Juma Bhalo (1942–2014) aliyachukua mahadhi ya filamu hizo, akayavika mashairi ya Kiswahili, mengine ya jamaa yake Ahmad Nassir, mtunzi wa *Malenga wa Mvita*. Wapo waliomwita mwigaji, wakimpendelea mwanamuziki Zein l'Abdin na udi wake wa Kiarabu. Lawama hiyo ina ukweli nusu. Mahadhi yalikuwa ya kuazima, lakini shairi la vina na mizani halikai tu juu ya wimbo wa kigeni. Silabi lazima zivutwe, na ni katika mvuto huo ndipo karuna ilipojipenyeza. Msomaji asadiki masikio yake: aanze na Malkauns ya Rafi, kisha atafute kaseti yoyote ya Juma Bhalo.