Matriki

Neno hili, ambalo wanafunzi wa hisabati hulitumia kwa kukusudia namba zilizopangwa safu za mlalo na za wima ndani ya mabano, lilitungwa kwa maana hiyo mwaka 1850 na Mwingereza James Joseph Sylvester, aliyelitwaa katika Kilatini, ambamo maana yake ni mji wa mimba, kwa kuwa aliona ya kwamba katika jedwali moja huzaliwa ditaminanti nyingi, yaani namba zikokotolewazo kutokana nalo, mithili ya watoto wa mama mmoja. Nami hufurahi mno kila nikumbukapo kuwa wazee wetu nao walikiita kiungo hicho mji, mahali pa kukaliwa kabla ya safari.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Cleve Moler, mwalimu katika Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, akitaka wanafunzi wake wafaidi hazina za LINPACK na EISPACK, maktaba za programu za kukokotoa matriki, pasipo taabu ya kuandika programu kwa lugha ya Fortran, aliwatungia programu aliyoiita MATLAB, yaani maabara ya matriki. Jina hilo lilistahiki, maana katika toleo la awali hapakuwa na aina nyingine ya data: hata namba moja pweke ilihesabiwa kuwa matriki ya safu moja ya mlalo na moja ya wima.

Wako waandikao matriksi. Mimi nashikilia matriki, kwani ulimi wa Kiswahili hauoni raha kukutanisha k na s.