Siri ya Nani?

Mwaka 2007 Nigel Stepney, fundi wa siku nyingi wa Ferrari, alimpenyezea Mike Coughlan wa McLaren habari za aina mbili. Ya kwanza ilihusu sakafu ya gari la Ferrari, iliyokuwa ikinyumbuka gari linapokolea mwendo. McLaren wakaiuliza FIA, wasimamizi wa Formula 1, kama kifaa kile kinaruhusiwa. Baada ya mashindano ya Australia kikazuiwa. Ya pili ilikuwa bunda la kurasa takriban 780 zenye undani wa gari lenyewe. Mke wa Coughlan alilipeleka kwenye duka la fotokopi, na mfanyakazi wa pale, alipotambua kuwa nyaraka zile ni za Ferrari, akawaarifu wenyewe. McLaren walitozwa faini ya dola milioni 100 na kufutiwa pointi za ubingwa wa watengenezaji.

Husimuliwa kana kwamba usaliti ulikuwa mmoja. Siafiki. Sakafu inayokwepa kanuni inamhusu kila anayeshindana, kwa hiyo aliyeitaja, hata kama alisukumwa na kinyongo, hakumdhulumu mtu haki yake. Michoro ya kwenye bunda lile ni jambo jingine kabisa. Ile ilikuwa jasho la mafundi chungu nzima waliokesha kiwandani, na hakuna aliyewaomba ruhusa.

Sataranji ya Kisovieti ilikuwa na kambi za namna hiyo hiyo. Bingwa alikaa mezani peke yake, lakini nyuma yake wasaidizi walichambua funguzi usiku kucha. Mwaka 1986, akitetea taji dhidi ya Karpov, Kasparov alishindwa michezo mitatu mfululizo, kuanzia wa 17 hadi wa 19. Akamshuku msaidizi wake, Evgeny Vladimirov, kwamba anampelekea Karpov uchambuzi wa kambi. Vladimirov alikana, akaondoka. Kasparov alibaki na taji kwa 12.5 dhidi ya 11.5, na tuhuma ile haikuthibitishwa. Panapolindwa siri kwa ukali kiasi hicho, shaka tupu inatosha kumtoa mtu kundini.

Sasa njoo kwa wakimbiaji wa Iten, Bonde la Ufa nchini Kenya. Alhamisi asubuhi kundi kubwa hutoka kwa fatlek, mbio za kupishanisha kasi na mwendo wa polepole, kwenye barabara za udongo mwekundu: bingwa, kijana asiye na meneja, mgeni aliyeshuka jana kutoka Ulaya. Kasi na muda wa kupumzika anavijua kila aliye kwenye msafara. Mo Farah wa Uingereza alifanya mazoezi Iten, kisha mwaka 2012 akatwaa dhahabu ya mita 5,000 mjini London, Mkenya Thomas Longosiwa akiwa wa tatu. Hilo halikuwafanya wenyeji wafunge barabara, na nawapongeza kwa dhati. Wanachotoa ni chao, wanakitoa mchana kweupe, na wao pia hunufaika: kijana yule hupimwa na miguu ya bingwa bila kulipa shilingi.

Lakini uwazi huo una mpaka, nao si kati ya rafiki na mpinzani. Mchua misuli anayegusa paja la mkimbiaji na kukuta limekaza wiki mbili kabla ya mbio amekabidhiwa jambo la mwili wa mtu. Akilinong'ona kwa kocha wa upande wa pili, hata bure, hata kwa nia ya urafiki, amefanya alichofanya Stepney na lile bunda.