Daktari Asira Alikotoka

Nilipoitazama *Maangamizi: The Ancient One* kwa mara ya kwanza nilikuwa na miaka 22. Nakala yenyewe ilikuwa mbovu, sauti inakwaruza, kwenye kompyuta ya rafiki. Mwaka huo mama yangu mdogo alikuwa amelazwa wodi ya wagonjwa wa akili. Haongei. Ukoo ulishagawanyika, nusu wanataka hospitali, nusu wanataka mganga, na mimi mwenye kitambulisho cha chuo nilihesabiwa upande wa hospitali bila kuulizwa.

Filamu hiyo ya Martin Mhando na Ron Mulvihill inamhusu Samehe, mgonjwa ambaye hajatamka neno kwa miaka 20, na Asira, daktari Mmarekani mweusi anayekuja Tanzania na kukutana naye. Kati yao yupo Maangamizi, bibi wa kale, mhenga anayemlinda Samehe. Samehe anaigizwa na Amandina Lihamba, aliyekuwa profesa wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2001 ikawa filamu ya kwanza kupelekwa na Tanzania kuwania Oscar. Ya pili, *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, ilisubiri hadi 2022. Ajabu ni kwamba darasani kwetu hakuna aliyewahi kuisikia ile ya kwanza.

Ila aliyeninasa mimi ni daktari. Anaigizwa na BarbaraO, na nilipoanza kufuata nyayo zake nilijikuta Los Angeles, miaka ya sabini.

Huko, Haile Gerima, Mwethiopia aliyekuwa akisoma UCLA, alimpa nafasi ya Dorothy katika *Bush Mama*, filamu ya rangi nyeusi na nyeupe iliyokamilika 1975. Dorothy anaishi Watts. Mumewe amefungwa kwa kosa asilolitenda, na maofisa wa ustawi wa jamii wanamshinikiza atoe mimba. Mwanzoni tunaona polisi wakiwasimamisha watu barabarani. Hayo hayakuigizwa: ni polisi wa kweli, wakiwasumbua watengenezaji wa filamu wenyewe. Na ukutani kwa Dorothy kuna bango la mwanamke wa Angola, mtoto mkononi, bunduki mkononi. Analitazama na kulitazama.

Mwaka 1991 BarbaraO yumo tena katika *Daughters of the Dust* ya Julie Dash, filamu ndefu ya kwanza ya mwanamke Mmarekani mweusi kusambazwa katika majumba ya sinema ya nchi yake. Ni Yellow Mary, anayerudi kisiwani kwa Wagullah mwaka 1902 huku ndugu wakimnong'ona.

Kwa hiyo Asira hakutokea hewani. Yule aliyelikodolea macho bango la Afrika sasa amefika, amevaa koti jeupe, na utaalamu wake hautoshi. Anakubali kumsikiliza bibi asiyeonekana kwenye faili lolote. Filamu haimdhalilishi kwa hilo, wala haimfanyi mganga kuwa malaika. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa amefikiria njia kama hiyo, nami nikiwemo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda wodini na machungwa sita. Sikumuuliza kitu. Nilikaa kando yake tukamenya, yeye manne, mimi mawili.