Magurudumu Hayapatanishwi

Upatanisho ni kazi ya wazee, makasisi na mahakimu. Hupatanishwa mume na mke, koo zinazozozana juu ya mpaka wa shamba, mdai na mdaiwa. Magurudumu hayajawahi kugombana. Hata hivyo, katika tafsiri za vitabu vya maelekezo ya magari na katika orodha za istilahi zinazozunguka siku hizi, “upatanisho wa magurudumu” umekaa kitako mahali pa ile kazi ambayo dereva yeyote kati ya Malaba na Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, huiita alaimenti. Aliyelipachika hapo alifungua kamusi akachukua neno la kwanza lililomjibu, au aliiachia kompyuta ifanye hivyo kwa niaba yake, na sioni tofauti kubwa kati ya hao wawili. Alaimenti yenyewe, yaani kuyarekebisha magurudumu ya gari yatazame na kufuatana inavyotakiwa, msomaji anaijua, kwa hiyo sitamchosha kwa kuieleza zaidi. Haja yangu ni jina, na jina ninalolitetea ni usanjari. Gari lina usanjari au limeupoteza. Likiupoteza, fundi hulisanjarisha.

Nianze na wapinzani, kwa heshima wanayostahili, ambayo si nyingi. “Kusawazisha” kuna mwenyewe tayari: ni ile kazi ya kugonga vipande vya risasi kwenye rimu hadi gurudumu liache kutikisika katika mwendo wa kasi. Kazi hizo mbili hufanywa katika gereji moja, aghalabu chini ya kibao kimoja, na mteja huzilipia mbalimbali. Kuzipa jina moja ni kumwibia mteja kwa sarufi. “Kunyoosha” nako kumeshikwa na watu wa rimu zilizopinda na chasisi za magari yaliyogongwa. “Mpangilio” hausemi chochote, maana hata kulitoa tairi la nyuma na kulipeleka mbele ni kupanga. Kisha kuna “kulinganisha”, kipenzi cha kamati za istilahi. Kamati hupenda neno lisilomuudhi mjumbe yeyote, na kulinganisha hakumuudhi mtu kwa sababu hakumwelezi mtu jambo. Bei hulinganishwa, dini hulinganishwa, mitihani hulinganishwa. Makanika akiniambia amelinganisha magurudumu ya Hilux, nina haki ya kudhani ameyatazama tu ajue lipi limelika zaidi. Linabaki “usambamba”, ambalo walau lilitungwa na mtu aliyewahi kuinama chini ya gari. Hilo nitalijibu peke yake.

Sanjari ni neno la bahari. Vyombo vikisafiri pamoja, kimoja nyuma ya kingine, vyote vikishika njia moja, vimekwenda sanjari. Mabaharia wa Ghuba nao wana neno sinyar kwa majahazi yanayosafiri kwa pamoja, na kwa kuwa katika lahaja kadhaa za huko herufi jimu hutamkwa kama ya, udugu wa maneno hayo mawili hauhitaji kamati kuuthibitisha. Yalikutana katika biashara ile ile iliyoleta vyombo pwani yetu kwa kaskazi na kuvirudisha kwa kusi. Ndani ya neno hili mna mambo matatu: kuna zaidi ya kitu kimoja, vyote vina mwelekeo mmoja, na kila kimoja kimeshika nafasi yake kwa kukitazama kilicho mbele au nyuma yake. Ukiniuliza fundi hutafuta nini anapopima magurudumu, nitakujibu kwa mambo hayo hayo matatu. Tena sanjari ni neno la mwendo. Malori yanayosubiri kuvuka Malaba yamo kwenye foleni, neno ambalo hutajwa kuwa lilitokana na amri ya gwaride la Waingereza. Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakipimwa korona mpakani, foleni hiyo ilirefuka kwa kilomita nyingi. Foleni husimama. Yakishavuka yakaishika barabara ya Tororo yakifuatana, hayo yamo katika sanjari. Wala si ajabu kwa neno la chombo kupanda gari, kwani usukani unaoshikwa na kila dereva ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa motokaa, na leo hakuna anayeuona mgeni.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa gari lililoinuliwa. Pikapu huinuliwa kwa sababu zinazoeleweka na mtu yeyote wa Angurai, jirani na Malaba: murram iliyochimbika, mawe, tope la masika, mzigo. Springi huongezwa urefu, au vipande vya chuma huwekwa kati ya springi na ekseli, na gari likipanda sentimita 5 tu hesabu yote ya kiwandani inavurugika. Penye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, kama katika Hilux za miaka ya karibuni, mikono inayoshika gurudumu hulala ikielekea chini, na tairodi, fito inayoligeuza gurudumu usukani ukikatwa, hulala pamoja nayo. Fito iliyolala kwa pembe haifiki mbali kama iliyonyooka, basi huvuta gurudumu. Zikiwa tairodi ziko mbele ya ekseli, nyuso za magurudumu huingia ndani. Zikiwa nyuma, hutoka nje. Huko nyuma nako, bolti ya katikati ya springi isipokaa vizuri kwenye kitundu chake, au yubolti zikikazwa upande mmoja kuliko mwingine, ekseli nzima hukaa mshazari. Hapo fundi anaweza kuyapima magurudumu ya mbele peke yake, akayakuta yametazama mbele barabara, akapokea pesa zake, na gari likaondoka likienda upande kama kaa. Kosa lake lilianzia kwenye jina. Aliambiwa alinganishe magurudumu mawili, akalinganisha mawili. Angeambiwa asanjarishe gari, angelazimika kuuliza: yafuate nini?

Sasa usambamba. Wanaoutetea husema, kwa sauti ya watu waliowahi kusifiwa mapema mno, kwamba alaimenti ni kuhakikisha mistari haikutani, na mistari isiyokutana ni sambamba, mjadala umefungwa. Nawaletea Land Cruiser ya mfululizo wa 70, gari lisilohitaji kutambulishwa kwa yeyote aliyeona msafara wa misaada au gari la polisi katika nchi zetu. Tangu 1999 pikapu za mfululizo huo zina springi za koili mbele juu ya ekseli nzima, na ekseli hiyo huzuiwa isiyumbe kando na fito moja ndefu, iliyofungwa upande mmoja kwenye chasisi na upande wa pili kwenye ekseli yenyewe. Ukiliinua gari bila kuirekebisha fito hiyo, ekseli huvutwa upande ule fito ilikofungwa kwenye chasisi. Haikupinda wala haikukaa mshazari, imesogea tu. Ekseli ya mbele na ya nyuma bado ni sambamba kama reli za Malaba, na magurudumu yote manne yametazama mbele, ila ya mbele hayamo tena katika mstari mmoja na ya nyuma. Sambamba yamo, sanjari hayamo. Usambamba hauna namna ya kuitaja kasoro hiyo, na istilahi isiyoweza kutaja kasoro haina kazi gerejini.

Pingamizi kali dhidi yangu linatoka kwa gari hilo hilo, na ninashangaa kwamba wapinzani hawajaligundua. Tangu 2007, magurudumu ya mbele ya pikapu hiyo yametanuliwa kuliko ya nyuma kwa takriban milimita 95. Likipita kwenye tope, nyayo za nyuma huangukia ndani kidogo ya zile za mbele. Je, gari ambalo gurudumu lake la nyuma halikanyagi hasa pale alipokanyaga mwenzake wa mbele linaweza kusemwa lina usanjari? Linaweza. Jahazi kubwa na mashua ndogo huenda sanjari ingawa mbavu zao hazilingani, kwa sababu kinachofuatana ni mikuku, yaani mistari ya katikati. Gari nalo lina mstari wake wa katikati, na ndio ambao ekseli zote mbili zinapaswa kuutii. Neno limelieleza gari hilo kuliko wengi wanaoliendesha.

Watakaosema wananchi wamekwisha kuzoea alaimenti wasihangaike. Sijamkataza mtu kuagiza alaimenti. Nasema tu kwamba neno hilo ni gumba. Haliwezi kuzaa kitenzi bila kuazima “kufanya”, na wanaojaribu kusema gari “limealainiwa” wamebakiza hatua moja kufika kwenye kulainisha, ambako ni kazi ya grisi. Sanjari huzaa kama wenzake: rahisi ilitupa rahisisha na urahisi, safi ikatupa safisha na usafi, hakika ikatupa hakikisha na uhakika. Wapo pia watakaonung’unika kwamba magazeti yameishusha sanjari hadi kuwa kiunganishi, “sanjari na hayo”, kisicho na uzito kuliko “pamoja na”. Ni kweli, na ni sababu nzuri ya kulirudishia neno kazi yake. Wanaodai kwamba si la Kibantu nawauliza “sawa” ya kusawazisha waliitoa wapi.

Kwa anayesanjarisha nyumbani, hatua ni hizi: egesha pahali tambarare, funga uzi pande zote mbili, nyuzi ziwe sambamba na mstari wa katikati ya gari, pima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele na wa nyuma wa kila rimu, zungusha tairodi za kushoto na kulia kwa kiasi kimoja, lisukume gari mbele mita chache springi zitulie, upime tena kabla ya kukaza nati.

Kuna wanaoniuliza kama usanjari unabeba pia ule mwinamo wa gurudumu kuelekea ndani au nje. Haubebi, wala sikuutuma. Mwinamo hupimwa kwa timazi, na jina lake la Kiingereza ukiliandika kwa sauti zetu linakuwa kamba, hivyo mwenye kupima kwa nyuzi atajikuta anapima kamba kwa kamba. Ilhali Kiswahili kina matege: gari lililoinuliwa ambalo magurudumu yake yametanuka juu na kukaribiana chini lina matege, na mtoto wa shule ya msingi atalitambua kwa mbali. Najua kamati itasema neno hilo halina adabu.