Vijana wa Misungwi na Kazi ya Kusikiliza

Wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza, imewahi kuwatumia vijana kuwaelimisha wenzao, na matokeo yakapimwa kwa makini. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa MEMA kwa Vijana, ulioendeshwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) pamoja na AMREF na wanazuoni kutoka London, uliingia katika shule za msingi za Misungwi, Kwimba, Sengerema na Geita. Waelimishaji rika waliigiza michezo mifupi mbele ya wanafunzi wenzao, na wahudumu wa zahanati wakafundishwa kuwapokea vijana bila kuwakaripia. Tathmini ilionyesha kwamba vijana hao walijua mengi zaidi kuhusu UKIMWI kuliko wenzao wa vijiji vingine. Hata hivyo, vipimo vya damu, vikiwemo vya 2007 na 2008, havikuonyesha kupungua kwa maambukizi ya VVU.

Naukumbusha mradi huo kwa sababu kampeni za afya ya akili zinaelekea kupita njia ileile: semina, fulana, kaulimbiu, bonanza la mpira. Kijana wa Usagara au Kigongo ataelezwa dalili za sonona na atazitaja zote akiulizwa. Je, usingizi utamrudia? Msimamo wangu ni kwamba kazi ya kijana katika afya ya akili ni kumsikiliza mwenzake, na kusikiliza huku ni ujuzi unaofundishwa na kusimamiwa. Kutangaza ujumbe kuje baadaye.

Ushahidi upo. Nchini Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa Harare kuketi benchini na wenye huzuni na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa 2016 ulithibitisha kwamba dalili zilipungua. Nchini Kenya, taasisi ya Shamiri iliwatumia vijana waliotoka kumaliza sekondari kuongoza vipindi vinne tu kwa wanafunzi. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kwamba sonona na wasiwasi vilipungua zaidi kwa wanafunzi hao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Kilichowafaa vijana walioongoza vipindi ni mafunzo mafupi yenye utaratibu, pamoja na wasimamizi wa kuwauliza walipokwama.

Hapa kwetu Usukumani wazo hili lina mizizi. Vijana wa kijiji walikuwa na chama chao chini ya kiongozi aliyeitwa nsumba ntale, aliyewakusanya kulima mashamba ya watu na kuwarudi waliokosa. Sipendekezi kuurudisha utaratibu ule kama ulivyokuwa. Ninachokitamani ni jambo moja ndani yake: kiongozi wa vijana aliwajibika kwa vijana wenyewe. Msikilizaji aliyeteuliwa ofisini, asiyejulikana mwaloni wala kijiweni kwa bodaboda, hataambiwa siri ya mtu.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote kimo katika sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Maana yake, kijana anayemweleza msikilizaji kwamba juzi alikunywa sumu ya pamba anakiri kosa la jinai. Tutamfundishaje msikilizaji kuuliza swali hilo waziwazi, ilhali jibu laweza kumpeleka mwenzake kituo cha polisi kabla ya zahanati? Shirika la Afya Duniani linakutaja kujiua kuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29, kwa takwimu za 2021. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hiki kinakiuka katiba yao. Bunge letu lina kila sababu ya kukifuta chetu, na vijana wa Misungwi wana haki ya kumdai mbunge wao hilo.

Bado kuna suala la riziki. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025, na gari sasa linavuka kwa dakika chache. Ni neema kubwa kwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Bugando kutoka Sengerema. Lakini foleni ya kivuko kilichotangulia daraja ilikuwa soko la vijana waliouza samaki, maji na mahindi ya kuchoma. Aliyepoteza wateja wake hatapona kwa kusikilizwa peke yake, na ni makosa kuuita umaskini wake ugonjwa.

Kwa hiyo msikilizaji ahitaji milango miwili ya kumpitishia mwenzake. Wa kwanza ni wa tiba: mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 waweza kumpa msimamizi hapo hapo kitongojini, na zahanati ikampa rufaa hadi wodi ya akili ya Bugando. Wa pili ni wa kazi: mikopo ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ya mapato ya ndani hutengwa kwa vijana. Posho ya msikilizaji mwenyewe itoke kwenye bajeti ya afya ya wilaya, si kwenye mikopo hiyo, kwa kuwa kusikiliza hakuzalishi marejesho.