Bodi ya Mashine ya Kukatia Nyasi: Historia Yake na Namna ya Kuilinda

Leo tunaangalia mashine ya kukatia nyasi, hasa sehemu moja ambayo wengi huikumbuka ikiwa imeshatoboka: bodi. Bodi ni lile bakuli lililopinduliwa juu ya kisu, ambalo injini na magurudumu vimefungwa juu yake.

Siku hizi mashine hizi zimefika hadi vijijini. Wapo vijana wanaopata riziki kwa kukata nyasi za viwanja vya shule, zahanati na nyumba za ibada. Wapo wakulima wanaosafisha chini ya miembe na michungwa. Vipo vikundi vilivyonunua mashine kwa mkopo na kuikodisha kwa siku. Kwa wote hawa mashine ni mtaji, na mtaji huo unaanza kupotea pale bodi inapokwaruzwa kila siku bila mtu kujali.

Wengi huhangaikia injini. Wanabadilisha oili na kusafisha plagi, na wanafanya vizuri. Lakini plagi ikifa unanunua nyingine dukani. Bodi ikipasuka pale injini ilipofungwa, mara nyingi mashine nzima inakuwa chuma chakavu. Historia ya mashine hii inaonyesha kuwa tatizo la chuma kugongana na ardhi ni la zamani, na dawa yake pia ni ya zamani.

Uingereza, 1830: rola hutangulia

Kabla ya mashine, nyasi zilikatwa kwa fyekeo na kwa kulisha kondoo. Mwaka 1830 fundi Mwingereza aitwaye Edwin Budding, wa eneo la Stroud katika jimbo la Gloucestershire, alipata hataza ya mashine ya kwanza ya kukatia nyasi. Wazo alilitoa kwenye viwanda vya nguo vya eneo lake, ambako mashine yenye visu vinavyozunguka ilitumika kunyoa manyoya ya juu ya kitambaa cha sufu. Budding akaona kuwa kinachonyoa kitambaa kinaweza kunyoa na uwanja.

Mashine yake ilikuwa ya chuma, nzito, na ilisukumwa kwa mikono. Visu vilizunguka kama pipa lililolala, vikiendeshwa na rola kubwa ya nyuma. Palikuwa na rola nyingine ndogo ambayo mtu aliweza kuipandisha au kuishusha ili kuamua nyasi zikatwe kwa urefu gani. Zingatia hapo: kilichogusa ardhi ni rola. Visu na fremu vilining'inia juu yake. Tangu siku ya kwanza, mtengenezaji alijua kuwa lazima kiwepo kitu cha kutangulia kugusa ardhi ili sehemu za thamani zisiguse.

Baadaye mashine kubwa zilivutwa na farasi. Kwenye viwanja vizuri farasi walivalishwa viatu vya ngozi ili kwato zisichimbe nyasi. Wakati huo wasiwasi ulikuwa ardhi isiharibiwe na kazi. Kwenye mashamba mapya wasiwasi ulikuwa kinyume chake: chuma kisiharibiwe na ardhi.

Australia Kusini, 1876: plau inayoruka kisiki

Wakulima wa Australia Kusini walifyeka vichaka vigumu viitwavyo mallee ili walime ngano. Juu palionekana safi, lakini chini mizizi na visiki vilibaki. Kila plau iliyopita ilipinda au kuvunjika. Bila shaka hali hii unaijua, hasa kama umewahi kulima shamba jipya kwa maksai.

Mwaka 1876 Richard Bowyer Smith alitengeneza plau ambayo kila jembe lake lilifungwa kwa bawaba. Jembe likigonga kisiki linainuka, linapita juu yake, kisha uzito wake unalirudisha ardhini. Badala ya kutengeneza chuma kinene zaidi ili kishindane na kisiki, Smith alitengeneza chuma kinachompisha kisiki. Plau hiyo ilienea na kufungua mashamba mengi.

Kongwa, 1947: ardhi ilishinda

Somo hilo halikusikilizwa kila mahali. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga hapa kwetu, ukianzia Kongwa, Dodoma. Lengo lilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3. Yaliletwa matrekta yaliyotumika vitani, na hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta.

Vichaka vya Kongwa vilikuwa na mizizi inayoshika kama waya. Udongo wake, mvua ikikatika, ulikauka na kuwa mgumu kama sakafu ya saruji, na mchanga wake ulisaga vyuma vya kulimia. Mashine ziliharibika haraka kuliko mafundi walivyoweza kutengeneza. Mwaka 1951 mpango ulisitishwa baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Sababu zilikuwa nyingi, pamoja na mvua chache na mipango mibaya. Lakini hii mojawapo inatuhusu: mashine ilipelekwa kazini kabla ardhi haijakaguliwa vya kutosha.

Miaka ya 1950: kisu cha kuzunguka na kuzaliwa kwa bodi

Mashine ya Budding haikuweza nyasi ndefu, na kijiwe kimoja kiliharibu visu vyake. Mwaka 1952, mjini Sydney, Mervyn Victor Richardson alitengeneza mashine nyepesi yenye kisu kinacholala na kuzunguka kwa kasi kama feni. Tangi la mafuta la mashine yake ya kwanza lilikuwa kopo la matunda. Aliiita Victa, na ikaenea nchi nzima. Wengine walikuwa wameshajaribu kisu cha namna hii, lakini yeye ndiye aliyekifikisha kwa watu wa kawaida.

Kisu cha aina hii ndicho kilichofanya bodi iwe ya lazima. Piga hesabu mwenyewe: kisu cha urefu wa sentimita 50 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda karibu kilomita 280 kwa saa. Kokoto ikirushwa kwa kasi hiyo inaweza kumpofua mtoto aliyesimama pembeni. Bodi inazuia kokoto. Pia inaongoza upepo wa kisu ili nyasi zisimame zikatwe, na inabeba injini. Ndiyo maana bodi iliyopinda huleta mtikisiko, na bodi iliyotoboka ni hatari kwa watu.

Wakati huohuo huko Selma, Alabama, Marekani, kampuni ya Bush Hog ilianza kutengeneza mashine ya kufyeka vichaka inayovutwa na trekta. Mashine za aina hiyo huwekewa sahani ya mviringo chini, kwenye kiungo cha visu, inayoteleza juu ya kisiki. Pembeni mwa bodi hufungwa vyuma bapa mfano wa viatu vya sled, vinavyoburuzika chini badala ya bodi. Vikiisha, vinafunguliwa na kufungwa vingine.

Sasa unganisha habari hizi. Rola ya Budding, bawaba ya Smith na viatu vya mashine ya trekta vina akili moja: weka kitu cha bei ndogo kiumie kabla ya kitu cha bei kubwa.

Wewe ufanye nini

1. Kagua uwanja kwanza. Tembea kwa miguu kabla ya kuwasha. Ondoa mawe, waya, chupa na mifupa. Visiki na vigingi viwekee alama ya kijiti chenye kitambaa. Dakika 15 hizi ndizo walizokosa Kongwa.

2. Panga urefu kwa ardhi ilivyo. Uwanja wenye mabonde na vichuguu ukatwe juu. Kama nyasi ni ndefu sana, pita mara mbili: kwanza juu, kisha chini. Ukikata chini sana kwa mara moja, bodi inasugua ardhi na kisu kinachimba.

3. Angalia magurudumu. Ndiyo rola zako za Budding. Gurudumu lililolegea au kuisha upande mmoja huishusha bodi upande huo. Kaza bolti, na badilisha gurudumu mapema.

4. Usisugue ukuta. Mikwaruzo mingi ya pembeni hutokana na kufuata ukingo wa saruji, mti au ngazi. Acha nafasi ya kiganja, sehemu iliyobaki malizia kwa fyekeo.

5. Weka kinga ya pembeni. Kipande cha mpira wa tairi kuukuu kinaweza kufungwa nje ya bodi upande unaogonga zaidi. Bolti ziwe fupi, nati ibaki nje, na chochote kisitokeze ndani kwenye njia ya kisu. Usizibe mdomo wa kutolea nyasi, wala usiondoe kifuniko chake. Kwa mashine ya trekta, kagua viatu vya chini kila msimu na vibadilishe kabla havijaisha kabisa.

6. Safisha chini kila baada ya kazi. Nyasi mbichi zikiganda ndani hushikilia unyevu, na kutu huanzia hapo. Pwani, kama Tanga na Mtwara, hewa ya chumvi huongeza kasi. Kwanza zima mashine na chomoa waya wa plagi. Inamishe huku chujio cha hewa likiwa juu ili oili isiingie humo. Kwangua kwa kijiti au mti bapa, maana panga huondoa rangi.

7. Funika mkwaruzo mapema. Rangi ikitoka, piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Kopo moja dogo la rangi ni bei ndogo sana ukilinganisha na bodi.

8. Kabla ya kuchomelea, jaribu sumaku. Ikishika, bodi ni ya chuma, na fundi anaweza kuchomelea kiraka. Isiposhika, huenda ni aluminiamu au plastiki, na fimbo za kawaida za kuchomelea zitaiharibu. Tafuta fundi mwenye vifaa vyake. Ufa ukiwa karibu na bolti za injini, usiiwashe mashine hadi itengenezwe.

Kwa vikundi vinavyokodisha, ongeza jambo moja: kagueni bodi mbele ya mkodishaji anapoichukua na anapoirudisha, na andikeni kwenye daftari. Mtu akijua bodi itaangaliwa, hupita mbali na kisiki.

Kama huna uhakika na mashine yako, muone afisa ugani wa kata yako au fundi unayemwamini kabla ya mvua, wakati nyasi bado ni fupi na mawe yanaonekana.